Mkono wa Mama kwenye Lundo la Lozi

Ofisini kwetu hapa Dodoma wananijua kwa mdomo. Mtu akiruka foleni benki, mimi ndiye ninayesema. Mwenye duka akinipa pipi badala ya chenji, namrudishia pipi zake moja moja mpaka aone aibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirika, na kwamba mkunga aliniomba radhi kabla ya kunikata kitovu. Nayaandika haya mwanzoni kabisa ili atakayefika mwisho asije akanitetea kwamba mimi ni mtu mpole. Sijawahi kuwa mpole.

Mama ni Mrangi wa Kondoa, mwanamke wa swala tano na meza moja. Meza yenyewe iko sokoni, Nkuhungu, na tangu nipate akili imekuwa na vitu vilevile: karanga, ufuta, na msimu ukifika, zabibu. Karanga hizo zilininunulia madaftari ya shule ya msingi, zikanilipia bweni la sekondari, zikanifikisha chuo kikuu, Chimwaga, ambako niliwaambia wenzangu wa chumbani kwamba mama yangu ni mfanyabiashara wa mazao. Meza sikuitaja. Hilo nalo naliweka mwanzoni.

Pale mezani kuna desturi ambayo lazima niieleze. Karanga hupimwa kwa kopo. Kopo likijaa humiminwa kwenye mfuko wa mteja, na kinachofuata ni nyongeza, kile kidogo cha juu ambacho mnunuzi yeyote wa Tanzania anakisubiri na asipopewa anakidai. Wauzaji wengi huitoa wenyewe, kwa vidole vitatu, huku wakiguna. Mama hafanyi hivyo. Kwake mteja anachota mwenyewe kwa mkono wake, na wakati anachota, mama anageuza uso. Anakunja mifuko, anatazama barabarani, anamsalimia mtu ambaye hayupo. Nikiwa darasa la tatu nilimuuliza kwa nini haangalii, kwani watu si watachota nusu ya lundo? Alinitazama kama vile nimemtukana.

"Ukimkodolea mtu mkono wakati anachota, umeshamwita mwizi," aliniambia. "Na mimi wateja wangu si wezi."

Basi. Miaka ikapita, nikapata kazi, nikapanga nyumba yenye televisheni kubwa. Siku moja mama alikuja kunitembelea, akakaa kwenye kochi na sahani yake ya wali, na kwenye televisheni wakaonyesha soko la Marrakesh, kule Moroko. Mama aliacha kutafuna. Palikuwa na malundo ya lozi, tini, tende na zabibu kavu, yamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka juu ya kichwa cha muuzaji, na muuzaji mwenyewe kasimama katikati kwenye kitundu kidogo kama mtu aliyezama kwenye bidhaa zake.

"Hilo sasa ndilo soko," mama alisema. Wali ulikuwa umepoa alipoukumbuka.

Nilimuuliza kama hangependa zaidi nimpeleke Makka. Akanijibu kwamba safari ya Makka anaitafuta mwenyewe kwa karanga zake, na kwamba nisimwingilie. "Wewe ukiwa na nguvu, nipeleke sokoni."

Nikajinyima karibu miaka miwili. Sikutaka makubwa. Nilitaka kwa siku tatu mama yangu awe upande wa pili wa meza. Awe mteja, avutiwe kigoda, abembelezwe, aitwe kwa heshima. Mwanamke huyu alikuwa amesimama nyuma ya karanga umri wangu wote akiwaita watu "karibu, karibu", na wengi wanapita bila hata kugeuka. Nilitaka safari hii iwe yeye anayeitwa. Nilijiapiza kwamba katika siku hizo tatu hakuna mtu atakayemvunjia heshima mbele yangu, na kwa mdomo wangu huu sikuona shida yoyote.

Tulisafiri kwa tiketi zile za kuunga unga. Treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, kisha ndege, kisha kulala kwenye viti vya uwanja wa ndege wa nchi ya watu, kisha ndege nyingine. Mama alikuwa amefunga karanga za kukaanga kilo tatu. Nikamgombeza. Nikamwambia tunaenda mji unaouza karanga kwa dunia nzima, yeye anawapelekea karanga! Akasema nyumba ya watu haiingiwi mkono mtupu, akazipanga vizuri zaidi katikati ya madera yake.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, na jambo la kwanza lililonishtua ni baridi. Mimi nimekua na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, ule unaopasua midomo, nikadhani baridi naijua. Ile ya Marrakesh ilikuwa inatoka ukutani. Nyumba ya wageni niliyoikodi kwenye simu, ile ya picha nzuri, ilikuwa na chumba kisicho na dirisha la nje, godoro jembamba, na ngazi nyembamba mno hivi kwamba begi la mama lilipanda kwa kusukumwa na magoti. Ila katikati ya nyumba palikuwa na ua wazi wenye mchungwa, na chini ya mchungwa huo alikaa mwenye nyumba, mwanamke wa rika la mama, kajifunga blanketi mabegani.

Mama akamkabidhi karanga. Yule mama akafungua mfuko, akaonja, akashika moyo, akambusu mama mashavu yote mawili halafu akarudia. Akamwita "hajja". Kule ndivyo wanavyomwita mwanamke yeyote mtu mzima kwa heshima, awe ameiona Makka au hajaiona, lakini mama hakulijua hilo. Alinyoosha kidole juu na kukitikisa. "Bado, dada yangu. Bado. Niombee." Waliongea nusu saa nzima, mama akiwa na maneno yake sita ya Kiarabu cha msikitini, na mwenye nyumba akijibu kwa Kiarabu cha kwao ambacho hakuna neno hata moja mama aliloliambulia. Nilikaa pale na simu yangu ya kutafsiri, hakuna aliyenihitaji.

Asubuhi tukaingia sokoni. Sijui nianzie wapi. Vichochoro vile vingekuwa vya kwetu, watu wangepita upande mmoja na kurudi upande mwingine. Kule vinapita pikipiki. Zinakuja kwa kasi, honi imeshikiliwa, na mtu anajibana ukutani kati ya sufuria na mazulia. Nyuma ya pikipiki anakuja punda kabeba ngozi mbichi za kondoo, harufu inatangulia mita ishirini. Nilishtuka nikakanyaga vyungu vya mtu. Havikuvunjika, lakini mwenyewe alinieleza kwa mikono yote miwili jinsi ambavyo vingeweza kuvunjika.

Kijana mmoja mtanashati akatuambia kwa Kiingereza kwamba njia ya mbele imefungwa leo, tupite huku. Tukapita huku. Huku kulikuwa ni dukani kwa mjomba wake, mabegi ya ngozi mpaka darini, na mlango ukawa umesimamiwa na watu wawili. Tulipofanikiwa kutoka, tukaona watu wanapita njia ile iliyofungwa, tena na watoto. Mwanamke mmoja akanidaka kiganja, na kabla sijatamka lolote, nusu ya ua la hina ilikuwa imeshachorwa na yeye ameshanyoosha mkono wa malipo. Nililipa. Mimi! Mtu wa pipi moja moja! Nilisimama pale nikishangaa kwamba sauti haikutoka.

Na kila tulipopita waliita, "Afrika! Afrika!" Mwanzoni nilidhani ni jina la duka. Kumbe walikuwa wanatuita sisi. Nikajiuliza hawa wenyewe wanadhani wako bara gani. Nilitaka kuwauliza, nilikuwa na maneno kabisa, ila nilipogeuka nikakuta macho kama thelathini yananitazama, na maneno yakarudi yalikotoka. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mdogo. Kila hatua nilizidi kukasirika ndani kwa ndani, hasira isiyo na pa kutokea.

Mama, kwa upande wake, alikuwa amefika nyumbani.

Alikuwa anasalimia. Si ile salamu ya kupita. Alisimama mbele ya kila meza, akaweka mkono kifuani, akasema "Salaam aleikum", akasubiri jibu mpaka likamilike, kisha akauliza kwa Kiswahili habari za nyumbani, za watoto, za biashara, kama anavyouliza Nkuhungu. Hawakuelewa neno, lakini walielewa kwamba wanaulizwa hali. Walivuta vigoda. Walimletea chai ya majani ya mnanaa, tamu mpaka meno yanalia. "Hajja, hajja, karibu," kwa lugha yao. Alipapasa mazulia, alinusa viungo, alikagua mizani zao akatikisa kichwa kwa jicho la kitaalamu. Mzee mmoja muuza zeituni alimwinamishia kichwa. Nilipiga picha nyingi. Nilijisemea: haya, fedha yangu imejibu, mama ni mteja.

Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, tukafika kwenye malundo.

Ndiyo yale yale ya televisheni, kwenye ukingo wa uwanja mkubwa. Mama alisimama mbele yake, akayahesabu ngazi kwa ngazi mpaka juu. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mchangamfu, sharubu nene, kazama katikati ya lozi na tini kama tulivyoona. Mama akasalimia. Akajionyesha kifuani, akaonyesha malundo, akajionyesha tena: na mimi hii ndiyo kazi yangu. Yule bwana hakuelewa. Mama akafungua mkoba, akatoa kifuko cha karanga zake zilizobaki, akammiminia kiganjani. Muuzaji akatafuna, akafumba macho, akasema kitu kirefu, akacheka. Ganda jekundu la karanga likamnasa kwenye sharubu. Akamwonjesha mama lozi, akamwonjesha jozi, zile kokwa zilizokunjamana, akamwonjesha zabibu, na mama kwa kila kimoja akatoa hukumu kwa kichwa. Ilikuwa ni watu wawili wa kazi moja wamekutana. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuwa nayo tena.

Akanunua lozi na zabibu kavu. Wakapatana bei kwa vidole, mama akashinda, muuzaji akajifanya analia. Akapima, akafunga mfuko, akamkabidhi. Mama akatoa noti kubwa. Muuzaji hakuwa na chenji karibu, akatugeuzia mgongo, akainama kuitafuta kwenye boksi lake huko ndani.

Mimi niliona alichokiona mama. Tena nilikiona kwa macho yake kabisa. Kapima, kamaliza, halafu kageuza uso. Kaangalia pembeni kwa adabu. Mwenzake wa kazi, mtu aliyekula karanga zake, anampa nafasi ya kuchota nyongeza.

Mama akapeleka mkono kwenye lundo la lozi, akachota. Kiganja kimoja, hakikujaa.

Akatokea mtu wa pili. Sijui alikuwa amesimama wapi. Jitu la mabega, koti refu la sufi, nadhani ndiye aliyekuwa mwenye mali, maana hata muuzaji alinywea alipomwona. Alimdaka mama kifundo cha mkono, akauinua juu, lozi zikamwagika kwenye mawe. Akapiga kelele. Neno alilotumia silijui, lakini kuna maneno ambayo hayahitaji kamusi. Watu wakageuka. Wazungu wawili wakashusha miwani. Mwenye juisi ya machungwa jirani akaacha kukamua. Na jitu lile limemshika mama yangu mkono juu, mkono ulionilea, linautikisa ili uwanja mzima uone, na kitambaa cha kichwani kimemtoka mama upande mmoja, na mama anatazama huku na huku, mdomo wazi, hajaelewa. Alikuwa bado anajaribu kutabasamu.

Muuzaji wa sharubu aligeuka, chenji mkononi. Akaona. Akaiinamia chenji, akaihesabu upya. Ganda la karanga bado liko pale pale kwenye sharubu.

Na mimi?

Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na mama. Nilirudi nyuma. Hatua moja, halafu ya pili. Nyuma yangu palikuwa na meza ya taa za shaba, zile zenye matundu matundu. Nikanyanyua taa moja. Nikaipindua, nikaitazama chini, kama mtu anayetafuta bei. Muuza taa akaniambia, "Good price, sister," akanitajia. Nikatikisa kichwa. Akapunguza. Nikatikisa tena. Nimeshika taa ya watu, najadiliana bei, na hatua mbili tatu kutoka pale mama yangu kashikwa mkono hewani kama mwizi wa kuku.

Sijui niliyafanyaje. Nimewahi kumfokea mkuu wa idara yangu mbele ya wageni. Nimewahi kumshusha dereva kwenye gari lake. Kilichonitoka pale si sauti tu, ni mimi mzima niliyetoka, akabaki mwanamke fulani kutoka mahali fulani, anayenunua taa, ambaye yule mama mwenye dera hamhusu. Nilichokiwaza, na nitakiandika kwa sababu nimeahidi kuandika, ni kwamba wasije wakajua tuko pamoja.

Mama akaelewa. Niliona kwa pembe ya jicho wakati kuelewa kulipomfikia, kwa sababu tabasamu lilizima. Hakupiga kelele. Alilitazama lile jitu usoni mpaka vidole vyake vikalegea vyenyewe. Akaweka kitambaa chake sawa. Akachukua mfuko wake wa lozi, zile alizozilipia, akaufungua, akaumimina wote juu ya lundo. Kisha wa zabibu. Akakung'uta mfuko mpaka ikadondoka zabibu ya mwisho, akaukunja vizuri mara nne kama anavyokunja mifuko ya mezani kwake, akauweka mbele ya muuzaji. Chenji hakuingoja. Muuzaji alinyoosha mkono wenye fedha, ukabaki hewani.

Halafu mama akageuka kunitafuta. Uwanja mzima ule, na macho yake yakaja moja kwa moja kwenye ile meza. Aliniona, akaiona taa, akaona nilivyoishika.

"Umepata taa nzuri?" aliniuliza.

"Ni ghali," nikasema.

"Basi iache. Twende, magharibi inakaribia."

Tukaenda. Alinitangulia kwenye vile vichochoro, na safari hii hakusalimia mtu. Pikipiki ilipokuja alinivuta kwa mkono wa kushoto nisigongwe. Tulifika msikitini, tukaingia upande wa wanawake, na kwenye bomba la udhu akakunja mikono ya dera, akaushusha haraka mkono wa kulia. Sikuwahi kuona alichoficha. Nilikuja kuona siku mbili baadaye kwenye ndege, alipokuwa anahangaika na mkanda wa kiti. Alama za vidole vinne, rangi ya zabibu.

"Mama," nikasema. "Juzi pale..."

"Juzi nini? Kula mkate wako, hawa wanapita kukusanya."

Siku ya tatu, ile ya mwisho kule, alikaa chini ya mchungwa na mwenye nyumba, wakachambua dengu. Hakutaka kutoka tena. Nilikuwa nimejinyima karibu miaka miwili ili akae siku nzima akichambua dengu za mtu mwingine. Nilijilaza kwenye lile godoro nikasikia wanaitana, dada, hajja, dada, hajja, na kila nilipofumba macho niliiona taa.

Tuliporudi Dodoma sikwenda Nkuhungu wiki nzima. Nilisingizia kazi. Ofisini waliniomba picha, nikawaonyesha punda. Mtu mmoja aliruka foleni ya chakula mbele yangu mchana, nikamwacha. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Jumamosi ya pili nikajikaza, nikaenda sokoni. Kabla sijafika mezani nikasikia vicheko. Nikasimama nyuma ya magunia ya mtama ya jirani. Mama alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kazungukwa na muuza dagaa, muuza nyanya na akina mama wengine watatu wanne, na alikuwa anasimulia. Punda. Chai inayoliza meno. Njia iliyofungwa. Alivyomwigiza yule kijana mtanashati, muuza nyanya alijifuta machozi.

"Haya, na lile la lozi," muuza dagaa akasema.

"Lile hamlichoki nyie?"

"Hatulichoki. Huyu hajalisikia."

Nilitaka kuondoka. Nikashikilia gunia la mtama, nikabaki. Mama akasimulia malundo, sharubu, karanga, kiganja chake. Akajishika kifundo cha mkono kuwaonyesha, akauinua juu. "Astaghfirullah!" akasema mmoja. "Yesu wangu!" akasema muuza nyanya, ambaye ni Mgogo wa Chamwino na hushtuka kwa sauti.

"Sasa hapo mimi nimekwisha," mama akaendelea. "Lugha sina. Watu wamejaa. Nikasema leo nafungwa ugenini. Mara namwona huyu binti yangu. Mnamjua mdomo wake. Kaja mbio, kaacha na taa aliyokuwa anainunua, kasimama katikati yangu na lile jitu, anamfokea kwa Kiingereza chake chote: mwachie mama yangu! Mwachie sasa hivi! Soko zima kimya. Lile jitu likaniachia, likaomba radhi, likanirudishia na lozi."

Vigelegele vikapigwa. Nilikuwa bado nimeshikilia gunia la mtama. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Marrakesh yote ukiijumlisha. Muuza dagaa ndiye aliyeniona.

"Huyo hapo! Njoo, mwanangu, njoo!" Akanishika mikono yote miwili na vidole vyake vya magamba, akamgeukia mama. "Umezaa, mwenzangu. Umezaa."

Nilimtazama mama. Nilingoja anitazame. Alikuwa anakunja mifuko.

"Hebu tusimulie mwenyewe," muuza dagaa akasema. "Ulimwambiaje hasa?"

Nikafungua mdomo. Wote wakaningoja.

"Mwacheni," mama akasema. "Huyu akikumbuka hasira zinampanda upya, atatuharibia Jumamosi."

Wakacheka, wakanipiga piga mgongoni, wakarudi mmoja mmoja kwenye meza zao. Tukabaki wawili. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba. Lundo la karanga lilikuwa kati yetu, limekaangwa asubuhi ile, bado lina uvuguvugu.

"Mama," nikasema. "Mimi sikuja."

"Umekuja, si uko hapa? Hujala, nakujua." Akalisukuma lundo upande wangu. "Chota."

Nikanyoosha mkono. Na mama yangu akageuza uso, akatazama barabarani, akaanza kumsalimia mtu ambaye hakuwepo.